Upepo wa Leo Umetoka Wapi?

Wanangu, Julai ikiingia Mombasa, watu wa Mji wa Kale hubadilika. Bibi hutoa sweta sandukuni, wazee wa Kibokoni hukaa barazani muda mrefu zaidi na vikombe vyao vya kahawa, na mtoto anayeogeshwa alfajiri huanza kulia kabla maji hayajamgusa. Hicho ndicho kipupwe. Mtu wa Limuru atashangaa kusikia tunaita hali hii baridi, maana usiku joto hushuka hadi nyuzi 20 hivi, na mchana hupanda hadi 27 au 28. Lakini mwili uliozoea nyuzi 32 za mwezi wa Machi unaijua tofauti hiyo, na una haki ya kudai sweta.

Baridi hii inaletwa na nini? Kwanza ni jua. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na jua hupita utosini mwetu mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba. Juni huwa limehamia mbali upande wa kaskazini, na miale yake hutufikia imeinama.

Pili ni kusi. Upepo huu huanza safari kule kusini mwa Bahari ya Hindi, upande wa Morisi, ambako miezi hii ni ya baridi. Huja juu ya maji usiku na mchana, ukatufikia na ubaridi wake na unyevu wake. Haukomei hapa. Huvuka ikweta, hupinda karibu na Somalia, kisha huelekea India na kumwaga mvua kubwa. Ule upepo unaopeperusha kanga zilizoanikwa Kuze ndio unaokwenda kunywesha mashamba ya mpunga ng'ambo ya bahari.

Manahodha waliyajua haya kabla ya kipimajoto chochote kufika pwani. Majahazi yao yalikuja na kaskazi, upepo wa upande wa kaskazini, kutoka Arabuni, Ghuba na India, yakatia nanga Bandari ya Kale, yakashusha tende na mazulia. Kusi lilipoanza Aprili, walitweka tanga na kurudi kwao. Aliyechelewa alisubiri hadi Agosti, kwa kuwa Juni na Julai kusi huwa kali na bahari huchafuka. Hata leo mvuvi mwenye ngalawa hukaa ndani ya mwamba siku hizo. Kwa hiyo swali la kwanza la asubuhi, kwa nahodha na kwa mvuvi, lilikuwa hilohilo: upepo wa leo umetoka wapi?

Sasa nanyi mnaweza kuuliza, na kuandika jibu. Kituo kikubwa cha hali ya hewa cha Mombasa kiko uwanja wa ndege wa Moi, bara, ng'ambo ya kisiwa. Kazi yake ni nzuri sana. Lakini mvua za kipupwe ni manyunyu ya alfajiri yanayotoka baharini vipande vipande: Likoni inalowa, Makadara ni kavu. Mvua ya mtaa wako huenda haimo katika daftari lolote. Itakuwamo ukiiandika wewe.

Kipimajoto kitundike kivulini, mahali penye hewa, juu kidogo ya kimo chako. Usikigandamize ukutani! Kuta zetu za mawe ya matumbawe hushika joto la jana, nawe utaandika joto la ukuta ukidhani ni la hewa. Kwa mvua, tafuta kopo lenye kuta zilizonyooka, liweke peupe mbali na paa, upime maji kwa rula. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita mraba. Paa la mita mraba 50 likipata milimita 20, hiyo ni lita 1,000. Waliojenga birika la maji ya mvua ndani ya Fort Jesus walielewa thamani yake. Kwa upepo, funga utambi wa kitambaa roshanini, uandike unakotoka, si unakokwenda.

Soma vyote saa tatu asubuhi. Hiyo ndiyo saa ambayo wapimaji wa Kenya hupima mvua ya siku nzima iliyopita, na wakati huohuo wenzao duniani kote nao wanasoma vipimo vyao, hata kama kwao ni usiku wa manane. Siku za shule, mwombe bibi akusomee. Atafurahi, na huenda akakueleza masika ya zamani yalivyokuwa.

Na siku isiyo na mvua usiache nafasi tupu. Andika 0. Nafasi tupu haisemi kama mvua haikunyesha au wewe ulilala.