Jeni Ipi Inakiliwe, Wapi na Lini

Karibu kila seli ya mwili wa binadamu hubeba jeni zote za mwenye mwili, na kati ya hizo takriban 20,000 ni maelekezo ya kutengeneza protini. Seli ya ini na seli ya uboho wa mfupa zina DNA ileile, lakini kazi zake hazifanani hata kidogo, kwa kuwa kila moja hunakili jeni inazozihitaji na nyingine huziacha kimya. Kunakili jeni kuwa RNA ndiyo hatua ya kwanza ya kuifanya jeni itende kazi. Katika pwani ya kusini ya Kenya, yaani Kwale, kuanzia Samburu na Kinango hadi Diani na Msambweni, malaria imeandamana na watu kwa vizazi vingi, na athari za unakili huo zimo ndani ya damu ya wakazi wenyewe.

DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana, zilizoandikwa kwa herufi nne za kikemia: A, T, G na C. Anayenakili ni kimeng'enya kiitwacho polimerasi ya RNA. Hujishika mahali jeni inapoanzia, huzitenganisha nyuzi mbili kwa kipande kifupi, kisha husogea juu ya uzi mmoja huku kikiunganisha herufi za RNA zinazooana nao: penye G huweka C, penye C huweka G, penye T huweka A, na penye A huweka U, kwani RNA haitumii T. Kikishapita, nyuzi za DNA hufungamana tena kama zilivyokuwa.

Nakala inayotoka hapo bado haijakamilika. Mwanzoni hufungwa kofia ya kikemia na mwishoni huongezewa mkia wa herufi A nyingi, vyote viwili vikiikinga isiharibike mapema. Kisha vipande visivyo na maelekezo ya protini hukatwa na vilivyobaki huunganishwa. Jeni ya beta-globini, inayotoa sehemu moja ya himoglobini ya damu, ina herufi zipatazo 1,600. Vipande viwili hutolewa katika nakala yake na vitatu hubaki. Baada ya hapo RNA hutoka kwenye kiini cha seli na kwenda kwenye ribosomu, ambako husomwa herufi tatutatu na protini kuundwa.

Polimerasi hunakili kilichoandikwa, kiwe sawa au kiwe na kasoro. Katika ugonjwa wa selimundu, mahali pamoja kwenye jeni ya beta-globini palipopaswa kuwa na GAG pana GTG. RNA, inayooana na uzi wa pili, hutoka ikiwa na GUG, na ribosomu huweka katika protini kiungo kiitwacho valini badala ya asidi ya glutamiki. Himoglobini ya namna hiyo ikipungukiwa na oksijeni hushikamana, na seli nyekundu hupinda mithili ya mundu. Aliyerithi jeni hiyo kwa wazazi wote wawili huugua. Aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida haugui, na isitoshe hukingwa dhidi ya malaria kali. Anthony Allison, mtafiti aliyelelewa Kenya, aliona mwaka 1949 kwamba jeni hiyo imeenea zaidi pwani na kando ya Ziwa Victoria kuliko nyanda za juu, na mwaka 1954 akachapisha ushahidi wa kinga hiyo.

Lakini jeni kuwemo ni jambo moja, na kunakiliwa ni jingine. Polimerasi haianzi kazi ovyo. Karibu na mwanzo wa kila jeni pana herufi ambazo protini maalumu za udhibiti huzitambua na kuzishika. Baadhi ya protini hizo huikaribisha polimerasi, nyingine huizuia. Pia DNA imeviringwa kwenye protini ziitwazo histoni. Ikikazwa sana, jeni haifikiki, ikilegezwa, hunakiliwa. Tena kuna sehemu za DNA zilizo mbali na jeni, pengine kwa maelfu ya herufi, ambazo hukunjwa hadi zikaigusa na kuongeza kasi ya unakili.

Damu ya watu wengi barani Afrika ina mfano ulio wazi wa udhibiti huo. Juu ya seli nyekundu za watu wengi duniani pana protini ya Duffy, ambayo kimelea cha malaria aina ya vivax huitumia kuingilia. Miongoni mwa watu wengi wa Afrika kusini mwa Sahara, wakiwemo wa pwani ya Kenya, protini hiyo haipo kwenye seli nyekundu, ingawa maelekezo ya kuitengeneza yapo kamili. Mwaka 1995 watafiti walionyesha sababu: kabla ya mwanzo wa jeni, herufi moja T imegeuka C, na protini ya udhibiti iitwayo GATA-1 haiwezi tena kupashika. Kwa kuwa GATA-1 hutumika katika seli zinazozaa damu nyekundu, jeni hunyamaza humo tu. Katika kuta za mishipa midogo ya damu inaendelea kunakiliwa kama kawaida. Kinga hii haizuii malaria ya falsiparamu, iliyo kubwa zaidi Kwale, kwa kuwa kimelea chake kina njia nyingine za kuingia.

Mfano wa pili unahusu wakati. Mtoto akiwa tumboni hutumia jeni za gamma-globini kutengenezea himoglobini, na ile ya beta hunakiliwa kidogo. Baada ya kuzaliwa, protini iitwayo BCL11A huzinyamazisha jeni za gamma na beta hushika nafasi yake. Ndiyo maana mtoto mwenye selimundu huonekana mzima miezi ya kwanza, kisha dalili huanza kujitokeza kadiri himoglobini ya tumboni inavyopungua, mara nyingi baada ya miezi sita: vidole kuvimba, maumivu makali, upungufu wa damu.

Tiba mpya zimejengwa juu ya maarifa hayo. Dawa ya haidroksiurea huongeza himoglobini ya tumboni. Utafiti uliohusisha nchi nne za Afrika, Kilifi ikiwa kituo chake nchini Kenya, ulichapishwa mwaka 2019 na kuonyesha kwamba watoto waliotumia dawa hiyo walipungukiwa na maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo. Mwishoni mwa 2023, Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayokata sehemu ya DNA inayochochea BCL11A katika seli za damu, ili jeni za gamma zinakiliwe tena.

Tiba hiyo ya pili ni ghali na bado iko mbali na zahanati za vijijini. Kipimo cha damu hakiko mbali hivyo. Mzazi wa Kwale ambaye ukoo wake una selimundu asingoje dalili, kwa maana jeni ya beta haijaanza kunakiliwa kwa wingi mtoto anapozaliwa. Ampeleke akapimwe mapema, angali mzima, ili matibabu yaanze kabla ya madhara.