Pampu ya pumu: usitoke kliniki kabla hujaishika

Mama mmoja alimrudisha kliniki mtoto wake wa miaka minne mara ya tatu ndani ya mwezi. Kifua kilimbana kila usiku. "Daktari, hii pampu haifanyi kazi," aliniambia. Nilishaanza kuandika dawa nyingine, muuguzi akanizuia: "Mwambie kwanza akuonyeshe anavyompulizia."

Akaonyesha. Hakuitikisa. Mtoto alifungua mdomo, mama akabonyeza mara mbili harakaharaka, na dawa karibu yote ikaishia kwenye ulimi. Kosa lilikuwa langu. Nilimweleza mara mbili, akaitikia "ndiyo daktari", lakini sikuwahi kumpa aishike.

Kwa mtoto mdogo pampu inahitaji chemba, lile kopo la plastiki linaloshika dawa ili aivute taratibu. Kama bei imekushinda, chupa ya maji ya nusu lita inafaa. Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa chupa hiyo, ikitobolewa kitakoni kwa kipimo cha pampu na kuzibwa pembeni, hufanya kazi sawa na chemba ya dukani. Mwombe mhudumu akutengenezee, usibahatishe.

Sasa fanya hivi ukiwa bado mbele ya daktari wako. Toa kifuniko, tikisa pampu, ichomeke kwenye chemba. Barakoa ya chemba ifunike pua na mdomo bila mwanya. Bonyeza mara moja tu, hesabu pumzi tano au sita za mtoto. Subiri kama nusu dakika, tikisa tena, ndipo ubonyeze mara ya pili. Ukikosea, rudia, usione haya. Kila ukija kliniki njoo na pampu yako, maana mikono husahau (hata yetu madaktari, niamini). Na bibi au dada anayebaki na mtoto, naye aje aishike.

Yule mama alirudia mara nne siku ile. Ya nne ilikuwa sahihi, na sikumwandikia dawa mpya.

Ila mtoto akishindwa kuongea, kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au midomo ikigeuka rangi, endelea kumpulizia huku mkielekea hospitali. Usisubiri kukuche.