Futi 800, Lakini Kutoka Ukuta Gani?

Vikundi vingi siku hizi vimefika hatua ya kukodi duka sokoni au kujenga chumba cha mashine ya kusaga. Ni jambo la kupongezwa. Lakini mara nyingi tunaambiwa, "Hapa kuna futi 800 za mraba, kila futi ni shilingi 30," nasi tunaanza kutafuta pesa bila kuuliza swali moja: hizo futi 800 zimepimwa kutoka wapi hadi wapi?

Swali hili ni dogo, lakini linaweza kuokoa akiba ya kikundi.

JENGO MOJA, HESABU TATU

Tuseme jengo lina urefu wa futi 40 na upana wa futi 20, ukipima kwa nje. Kuta za nje ni za mawe ya inchi 9. Ndani kuna vyumba viwili, na katikati yao inapita korido ya futi 4 ambayo wapangaji wote wa ploti hupitia kwenda uani. Kila upande wa korido kuna ukuta wa inchi 6. Hebu tupime.

(a) Kipimo cha nje. 40 mara 20 ni futi 800 za mraba. Hiki humfaa mwenye kupanga ujenzi, maana ukuta nao unakula ploti na msingi.

(b) Kipimo cha ndani. Inchi 9 ni robo tatu ya futi. Ukitoa kuta za pande zote, unabaki na futi 38.5 kwa 18.5, yaani futi 712 na kitu. Hapa tumehesabu kila kilichomo ndani ya kuta za nje, hata korido na kuta za kugawa vyumba.

(c) Kipimo cha matumizi. Sasa toa korido pamoja na kuta zake mbili: futi 5 mara 18.5, ambazo ni 92.5. Zinabaki kama futi 620. Hapa ndipo mtaweka meza, magunia na mashine yenu.

Kwa shilingi 30 kila futi, kodi ya mwezi kwa kipimo cha kwanza ni sh. 24,000, kwa cha pili sh. 21,360, na kwa cha tatu sh. 18,600. Kati ya cha kwanza na cha tatu kuna tofauti ya sh. 5,400 kwa mwezi, au sh. 64,800 kwa mwaka! Na hapo hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja alipima kweli, ila hawakupima kitu kimoja.

Tena kama mbele kuna veranda ya futi 5, mwenye nyumba anaweza kuongeza futi 200 na kusema jengo ni futi 1,000. Si kosa kuihesabu veranda, bali iandikwe peke yake ili mjue mnalipia nini.

HATA WATAALAMU WALIGOMBANA

Msidhani shida hii ni ya kijijini tu. Wathamini wa nchi mbalimbali walikuwa wakipima kila mmoja kwa desturi yake, hata ikawa vigumu kulinganisha majengo. Kwa hiyo mwaka 2013 vyama vyao vilikutana kwenye Benki ya Dunia, mjini Washington, vikaunda umoja wa kutunga kanuni moja, inayojulikana kwa kifupi kama IPMS. Kanuni ya ofisi ilitoka mwaka 2014, ya nyumba za kuishi 2016, ya viwanda 2018, ya maduka 2019, na ya majengo yote pamoja 2023.

Kanuni hizo hutofautisha kipimo cha nje, cha ndani, na cha sehemu anayoitumia mpangaji peke yake. Veranda huonyeshwa kando. Fundisho lake kubwa ni hili: anayetaja ukubwa wa jengo aseme pia ametumia kipimo gani.

MITEGO YA HESABU

1. Futi 38 na inchi 6 si 38.6. Futi ina inchi 12, kwa hiyo inchi 6 ni nusu: andika 38.5.

2. Mita moja ina futi 3 na kidogo, lakini mita moja ya mraba ina futi za mraba 10.76. Shilingi 30 kwa futi ya mraba ni kama shilingi 323 kwa mita ya mraba. Msije mkazidisha kwa tatu!

3. Pimeni pande zote nne, msidhani ukuta wa kushoto ni sawa na wa kulia. Chumba chenye kona ya ziada kigawanyeni vipande viwili, pimeni kila kimoja, kisha jumlisheni.

4. Fundi wa sakafu anayelipwa kwa futi alipwe kwa kipimo cha ndani, akitoa pia zile kuta za kugawa vyumba. Hatandazi simiti chini ya ukuta.

KABLA YA KUTIA SAHIHI

Tumeni watu watatu na tepu ya chuma. Ya kitambaa huvutika. Pimeni mwenye nyumba akiwapo. Choreni jengo kwenye karatasi na kuandika kila urefu. Kisha katika mapatano andikeni maneno kama haya: "Eneo ni futi za mraba 620, limepimwa ndani ya kuta, bila korido wala veranda." Pande zote mbili zitie sahihi, na nakala moja ikae kwa katibu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kama mapatano yenu yameshatiwa sahihi, pimeni hata hivyo. Siku ya kuandika upya itafika, nanyi mtakuwa na neno la kusema.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Je, jengo tunalolipia lina futi ngapi, na nani alilipima?
2. Kodi yetu inahesabu korido, choo au veranda?
3. Nani kati yetu atashika tepu, na nani ataandika?