Paa la Gari Liko Sakafuni

Kidole gumba cha mjomba kilizama kwenye chuma kama kinavyozama kwenye papai lililoiva. Hakusema neno. Alikichomoa, akakitazama kilivyojaa unga mwekundu wa kutu, akakipangusa kwenye suruali, akasogea hatua moja na kubonyeza tena. Kikazama tena.

"Mpwa wangu," akasema mwishowe, "hili gari limesimama juu ya rangi yake."

Tulikuwa Basoko, pale Aruwimi inapomwaga maji yake katika mto Kongo, uani kwake chini ya mwembe. Gari lenyewe ni Volkswagen ya mgongo wa kobe, na si ile ya kila mtu, ni ile ya paa la kukunja, dekapotabli. Historia yake katika ukoo wetu ni fupi na ina matobo kama sakafu yake. Mzungu mmoja wa mashamba ya michikichi ya Elisabetha, leo Lokutu, ng'ambo ya mto, aliliacha alipoondoka. Likapita mikono miwili mitatu. Mwisho mjomba akalipokea badala ya deni la mbao, na mke wake hajamsamehe mpaka leo.

Umri wake hatukuusoma kwenye karatasi, maana karatasi hazipo. Tuliusoma ubavuni. Nyuma ya kila mlango kuna mkono mdogo wa kuonyesha kona, unaochomoka kama ulimi wa kinyonga na kuwaka taa ya rangi ya machungwa. Volkswagen za soko la Ulaya ziliachana na mikono hiyo karibu na 1960, zikawekewa taa za kumetameta. Ushahidi mwingine uko mbele ya dereva: hakuna kipimo cha esansi, yaani petroli. Kuna kidude cha kugeuza kwa mguu chini ya dashibodi. Injini ikianza kukohoa, unakigeuza, unapata lita 5 za akiba, unaomba Mungu.

Bodi za magari haya hazikutengenezwa na Volkswagen yenyewe. Kazi hiyo ilipewa Karmann wa Osnabrück, Ujerumani, kuanzia 1949 hadi 1980, na jumla yake ilipita 331,000. Karmann walifilisika mwaka 2009. Kwa hiyo ukiwa na mojawapo, hata ukitaka kumlalamikia aliyelitengeneza, mlango umeshafungwa.

Hapa lazima nieleze jambo moja, kwa sababu bila hilo mtu hataelewa tulivyopoteza miezi miwili. Gari la kawaida ni kama kibuyu: nguvu yake imezunguka pande zote, juu na chini. Ukikata paa, umekata kibuyu kikawa kata. Kishike kwa kingo mbili ukiminye, kitapinda. Karmann walilijua hilo, wakaongeza vyuma vinene chini ya milango, upande wa kulia na wa kushoto, ndiyo maana gari la paa la kukunja ni zito kuliko ndugu yake lenye paa la chuma, jambo ambalo wengi hawaamini mpaka walisukume. Paa ulilolikosa juu limehamishiwa sakafuni. Na sakafu ndiyo mahali ambapo maji hukaa.

Maji ya kwetu si ya mchezo. Yangambi, kijiji cha watafiti kilicho juu yetu kwenye mto huu huu, ambako Wabelgiji waliweka kituo chao kikubwa cha kilimo miaka ya 1930, hupata mvua ya karibu milimita 1,800 kwa mwaka. Weka gari lenye paa la kitambaa chini ya mvua hiyo, kitambaa kioze, na sakafu inageuka beseni. Kuna mbaya zaidi: boriti zile za chini ya milango ziko wazi ndani, kwa sababu Mjerumani alizitumia kupitisha hewa ya moto kutoka kwenye injini, impashe miguu wakati wa theluji. Basoko hakuna aliyewahi kuomba kupashwa miguu. Tumebaki na mabomba mawili ya kufugia unyevu, yanayoliwa kutoka ndani huku nje yaking'aa.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimesaidia kutengeneza magari mawili Kisangani, yote ya paa la chuma, nikajiona fundi. Nikamwambia fundi wa kuchomelea akate boriti zote mbili alasiri ile ile, maana jenereta ilikuwa ya kukodi na esansi inakwenda. Gari lilikuwa limekalia magogo mawili, moja mbele na moja nyuma, katikati hewa tupu. Akakata. Tukala, tukalala.

Asubuhi mjomba akajaribu kufunga mlango wa kushoto. Ukagoma. Akainama, akapitisha kidole kwenye mwanya: juu pamebana, hata wembe haupiti, chini pameachama, ngumi inaingia. Usiku kucha lile gari lilikuwa likizama kiunoni polepole, kama mtumbwi uliopakiwa vibaya. Nilitaka kusema kitu kuhusu ubora wa magogo. Mjomba alinitazama tu, nikanyamaza.

Kulirudisha kulituchukua wiki kadhaa. Tuliweka kriki, yaani jeki, katikati, juu ya ubao mpana, tukainua robo ya mzunguko kwa siku, si zaidi. Kila asubuhi mlango ulijaribiwa. Hatukuwa na vipimo vya kiwandani, na hatukuvihitaji: mlango wenyewe ndio kipimo. Ulipofunga kwa sauti moja, "tup," bila kusukumwa kwa goti, fundi akachomelea vyuma vya kona ndani ya kila nafasi ya mlango, kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa. Hapo ndipo tulipoanza upya, upande mmoja kwanza, ukamalizika kabisa, ndipo tukagusa wa pili. Anayetaka kufanya kazi hii nyumbani kwake na akumbuke vyuma hivyo, hata kama atasahau yote mengine niliyoandika.

Bati jipya lilitoka kwenye pipa la lita 200. Linakaribia milimita 1, unene unaofaa, na chuma chake ni laini kukunja. Kuchomelea bati jembamba kwa umeme wa jenereta ndogo ni ugomvi: mkono ukichelewa kidogo tu, umetoboa. Fundi wetu alikuwa akigusa na kuacha, akigusa na kuacha, nukta kwa nukta, kama mama anayetia chumvi asiyoiamini. Nilipomsifu alicheka, akasema chuma hakikuja huku na Wazungu. Ni kweli. Waturumbu, Walokele na Watopoke wa ukanda huu walikuwa wakifua vile vikubwa vya umbo la mkuki ambavyo havikwenda vitani. Vilikuwa fedha, vya kulipia mahari, na vingine vinakaribia kimo cha mtu. Babu zake walikunja chuma kinene kuliko pipa letu.

Vipuri ni habari nyingine. Mafundi wa kwetu wanasema "pyesi," na pyesi za Volkswagen ya zamani hazipo Basoko, wala Kisangani. Zinatafutwa mashariki: soko la Kisekka kule Kampala, au maduka ya barabara ya Kirinyaga, Nairobi, ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Nairobi gari hili lina heshima yake. Volkswagen ilishinda mashindano ya magari ya Safari mwaka 1962, kwenye matope yanayofanana na yetu. Mzigo ukishavuka mpaka, unaikuta barabara ya Kisangani. V. S. Naipaul, katika riwaya yake ya 1979, alimfanya Salim, Mhindi wa pwani, aendeshe Peugeot hadi mji wa kwenye kona ya mto, mji ambao hautajwi jina lakini sisi tunaujua kama tunavyojua nyumbani. Salim alifika na Peugeot yake. Mfuko wetu wa mipira ya milango ulifika pia, baada ya majuma, kisha ukapanda balenieri, boti kubwa la mbao, na kushuka mto karibu kilomita 200, ukilaliwa na mbuzi.

Mipira ile ndiyo iliyoniuma. Dunlop alipata hataza ya tairi la upepo mwaka 1888, dunia ikaingiwa na kiu ya mpira, na watu wa misitu hii wakalazimishwa kuugema chini ya mfalme Leopold wa Ubelgiji, wengine wakalipa kwa mikono na roho zao. Sasa mimi mjukuu wao natuma pesa Nairobi niletewe utepe wa mpira wa mita tatu, mvua isiingie garini.

Injini haina hadithi ndefu. Imefungwa kwa bolti 4, watu wawili wanaitoa na kuiweka chini. Haina rejeta, inapozwa kwa upepo, na huenda hiyo ndiyo sababu ilivumilia. Umeme tuliubadilisha ukawa wa volti 12, maana betri za volti 6 hazipatikani na za volti 12 zimejaa kila duka. Rangi ilipakwa, ni ya maziwa, basi.

Paa ndilo lililotupa raha. Watu hudhani ni kitambaa kimoja, kumbe ni godoro: juu turubai, katikati tabaka la kujaza, ndani kitambaa cha dari, na dirisha la nyuma ni kioo cha kweli. Mifupa yake ni chuma na mbao. Mbao za Mjerumani zilikuwa zimekuwa chakula cha mchwa, na hapo Basoko tulijiona matajiri kwa mara ya kwanza. Seremala alileta kambala, ndio mvule kwa Kiswahili cha pwani, mti ambao mchwa huuzunguka na kwenda zake. Akachonga upinde wa mbele akiulinganisha na kipande kilichooza, akipapasa kwa vidole zaidi ya kupima kwa rula. Kwa tabaka la katikati, Karmann walitumia manyoya ya farasi. Farasi hatunao. Fundi cherehani akapendekeza sufi, na nilipokuwa bado nasitasita mjomba akakumbusha kwamba sufi ndiyo iliyokuwa ikijazwa kwenye maboya ya kujiokolea ya meli. Haipendani na maji. Bashi, yaani turubai la juu, ilikatwa jioni, ikavutwa na kupigiliwa saa sita mchana, jua likiwa utosini, ili isije ikalegea baadaye.

Siku ile ya kupigilia, wazee watatu walikuja kukaa kwenye benchi kutazama, na maneno yakaenda mahali yanapokwenda kila mara Mkongo anapoona gari lisilo na paa. Mmoja akainua mkono akaigiza kunyakua. Wote wakaelewa. Tarehe 29 Juni 1960, Léopoldville, leo Kinshasa, mfalme Baudouin wa Ubelgiji amesimama ndani ya gari la wazi pembeni ya rais Kasa-Vubu, na Ambroise Boimbo anatoka kwenye umati na kumchomolea upanga wake. Mpiga picha Mjerumani, Robert Lebeck, alikuwa pale pale. Mzee wa pili alisema gari lile ndilo lililoleta uhuru, kwa sababu lingekuwa na paa upanga ungebaki. Hoja yake ina kasoro, lakini hakuna aliyejitolea kumpinga, na mimi nilikuwa nimeshika nyundo.

Kama utaniuliza faida, sina. Barabara nzuri ya kutoka Basoko kwenda popote hakuna. Mji unategemea mto. Pikipiki inafanya kila kitu ambacho gari hili linaweza kufanya, na inapita kwenye vijia. Mke wa mjomba alishalisema hilo kabla yangu, kwa maneno makali zaidi, na alikuwa wa kwanza kukaa kiti cha mbele siku tulipolitoa.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa. Tuliikunja ile bashi nyuma, ikakaa kama mgongo wa ng'ombe, nene, ikimziba dereva asione anakotoka. Esansi tulinunua kwa kadhafi, muuzaji wa njia panda, kwenye chupa, ikachujwa kwa kitambaa. Nyingi ilikuwa imekwisha uani tukirekebisha kabureta, lakini hakuna aliyepima, na gari lenyewe, kama nilivyosema, halina kipimo. Tukatoka langoni. Watoto wakakimbia pembeni mpaka wakachoka, wakabaki wakubwa wao na baiskeli. Milango haikulia hata tulipopita kwenye mashimo. Mjomba alikuwa akiisikiliza milango, si injini. Nilimwona akiinamisha kichwa kushoto kila tulipodunda.

Karibu na bichi, yaani gati la mto, mbele ya watu wote waliokuwa wakisubiri balenieri ya kutoka Kisangani, injini ilikohoa. Ikakohoa tena, gari likatikisika, mtu mmoja akaanza kucheka. Mke wa mjomba akashika mkoba wake tayari kushuka. Mjomba hakumtazama mtu. Alivua kandambili ya mguu wa kulia, akanyoosha mguu chini ya dashibodi akipapasa, akakigeuza kile kidude kwa dole gumba.

Gari likaendelea.

"Lita tano," akamwambia mkewe. "Tuzunguke mara ngapi?"