Fahamu: Kwa nini utaratibu mmoja unatosha mazao mengi Nachingwea na Ruangwa

Yeyote aliyepata kusimama mbele ya mizani ya chama cha msingi cha ushirika huko Nachingwea au Ruangwa, mkoani Lindi, akashuhudia gunia la korosho likipimwa na mkulima akikabidhiwa risiti yake, amekwisha kuona kile ambacho waandishi wa programu za kompyuta hukiita kiolezo: utaratibu uliotungwa mara moja kwa hadhari, ukatumika tena na tena pasipo kuandikwa upya.

Ulitoka wapi?

Msingi wake ni Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya 2005. Korosho ilitangulia mwaka 2007, na leo ufuta na mbaazi hupita njia ile ile chini ya chama kikuu cha ushirika RUNALI, ambacho jina lake limeunganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale.

Kipi hubadilika?

Hatua ni zile zile: kupima, kupanga daraja, kuhifadhi, kunadi, kulipa. Kinachoachwa wazi, mithili ya pengo katika fomu, ni zao, uzito, daraja na bei. Ndiyo maana mnada ulipohamia mtandaoni, hatua za kupima na kuhifadhi zilibaki zile zile.

Hatari iko wapi?

Hatari ni kukipeleka kiolezo mahali ambako hakijajaribiwa, na Nachingwea yenyewe ni shahidi: mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuachwa 1951, ulipelekwa Kongwa, Urambo na Nachingwea kabla udongo na mvua havijachunguzwa ipasavyo. Basi kiolezo chema sharti kijaribiwe kwanza padogo, kieleweke kwa atakayekirithi, na kiache nafasi kwa hali ya mahali.