Melchior Ndadaye: Kutoka Ubao wa Darasa hadi Ikulu

Tangu tarehe 28 Novemba 1966, ufalme ulipopinduliwa, hadi Julai 1993, Burundi haikupata rais asiyekuwa askari. Micombero, Bagaza na Buyoya walipanda kwa njia moja, nayo ilianzia kambini. Sisi tuvaao sare hatuna budi kulikumbuka jambo hilo tunapomzungumzia marehemu Melchior Ndadaye, aliyeianza safari yake darasani.

Alizaliwa tarehe 28 Machi 1953 huko Nyabihanga, katika mkoa wa Muramvya wa wakati ule. Alikuwa akisomea ualimu mjini Gitega yalipozuka mauaji ya 1972, ambamo Wahutu wenye elimu, hata wanafunzi, waliandamwa. Kijana huyo wa miaka 19 akakimbilia Rwanda. Huko aliendelea na masomo, akafundisha, na mwaka 1979 akashiriki kuunda chama cha UBU, alichokiacha baadaye kwa kutofautiana na wenzake juu ya njia ya kufuata.

Mwaka 1983 alirejea nyumbani, na kurejea chini ya utawala uleule wa chama kimoja halikuwa jambo dogo. Alifanya kazi katika shughuli za akiba na mikopo, kisha akawa mshauri katika Wizara ya Maendeleo Vijijini. Kwa maoni yetu, kazi hizo zilimfaa kuliko hotuba mia moja, maana ahesabuye akiba ya mkulima huijua na njaa yake.

FRODEBU ilizaliwa kwa siri mwaka 1986. Katiba ya Machi 1992 ilipofungua mlango wa vyama vingi, chama hicho kikaandikishwa mwezi Julai. Tarehe 1 Juni 1993 Ndadaye alipata kura zipatazo asilimia 65, akamshinda Meja Buyoya, ambaye aliyakubali matokeo. Waziri Mkuu akamteua Bibi Sylvie Kinigi, mwanachama wa UPRONA.

Alikula kiapo tarehe 10 Julai. Tarehe 21 Oktoba askari, wale waliopaswa kumlinda, walimuua kambini hapa Bujumbura, akiwa na miaka 40. Spika Pontien Karibwami naye aliuawa. Vita vilivyofuata vilidumu zaidi ya miaka kumi. Mapatano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000 yaliagiza kwamba kabila lolote lisizidi nusu ya jeshi, na jeshi tunalolitumikia liliundwa upya juu ya sharti hilo.