Tone la Jirani Si Dawa Yako: Kumtafuta Tabibu wa Presha ya Macho

Kwa miezi mingi tulidhani mama yetu mkubwa amezeeka tu. Aligonga beseni lililokuwa mlangoni, akajikwaa kwenye ngazi ya baraza aliyoipanda tangu utotoni, na akimimina chai ikawa inapita kando ya kikombe. Tulipomwuliza, alijibu kwamba taa ya ukumbini ina kiza. Tukabadilisha taa. Kisha tukampeleka duka la miwani, na mwaka uliofuata duka jingine. Mara zote mbili alirudi na miwani mipya, na hakuna aliyetazama ndani ya jicho lake.

Siku iliyotushtua ni ile aliyotumia matone aliyopewa na jirani. Jirani huyo anaugua presha ya macho, na kwa wema wake alimgawia chupa yake ya akiba. Usiku ule mama mkubwa, ambaye ana pumu tangu ujana wake, alibanwa na kifua hata tukamkimbiza hospitali. Tabibu wa zamu aliishika ile chupa, akasoma jina lake, timolol, akatuambia: "Dawa hii ni nzuri, lakini si yake." Kwa jirani ilikuwa rehema, kwa mama yetu nusura imtoe roho.

Alhamdulillah, alipona. Lakini tuliona haya, kwa kuwa tulikuwa tumemwachia mzee wetu ajitafutie dawa ilhali familia nzima ipo. Ndiyo maana tunaandika makala haya.

Maradhi yasiyobisha hodi

Presha ya macho, ambayo matabibu huiita glakoma, si presha ya damu, wala si mtoto wa jicho. Ndani ya jicho mna maji yanayotengenezwa na kutoka kila wakati. Yasipotoka vizuri, shinikizo hupanda na kuumiza mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Kwa kawaida shinikizo hilo huwa kati ya 10 na 21 kwa kipimo cha milimita za zebaki, ingawa wapo wanaoumia hata likiwa ndani ya mpaka huo. Kwa hiyo kipimo kimoja peke yake hakitoshi kumhakikishia mtu kwamba yu salama.

Aina iliyo nyingi kwetu haiumi. Huanza kula pembeni mwa uoni, na mgonjwa huendelea kusoma msahafu na kutunga uzi kwenye sindano huku ukingo wa dunia yake ukifungwa taratibu. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji na nuru ikarudi. Kilichopotezwa na glakoma hakirudi. Dawa hulinda kilichobaki tu, na kwa sababu hiyo kila mwezi wa kuchelewa una thamani yake.

Nani wa kuendewa?

Hapa ndipo familia nyingi hupotea njia, kama tulivyopotea sisi. Mwenye duka la miwani huuza miwani. Mpima macho hodari huweza kutambua dalili na kumtuma mgonjwa mbele, na akifanya hivyo ni wa kushukuriwa. Lakini wa kuthibitisha maradhi haya, kuandika dawa na kumfuatilia mgonjwa ni daktari bingwa wa macho, au afisa wa kliniki aliyesomea tiba ya macho, ambaye ndiye hupatikana zaidi katika hospitali zetu za kaunti.

Kwa wakazi wa Mombasa, Hospitali Kuu ya Pwani ni mahali pa kuanzia. Katika kaunti ya Kwale kipo kituo cha macho cha Kwale Eye Centre, ambacho kimewahudumia watu wa Pwani kwa miaka mingi. Ndugu zetu wa Kilifi, Tana River na Lamu waulize katika hospitali ya kaunti yao siku ya kliniki ya macho kabla ya kufunga safari, na waulize pia kama kifaa cha kupimia shinikizo kipo. Swali hilo moja litawaokolea nauli.

Akina mama wanaopenda kuhudumiwa na tabibu mwanamke waombe bila kuona haya. Asipopatikana, tusiahirishe tiba. Mgonjwa aandamane na mtu wa nyumbani. Kuandamana ni muhimu hata hivyo, kwani matone ya kupanua mboni hufanya macho yawe na ukungu kwa saa kadhaa.

Yapi ya kutazamia?

Kabla ya kuandika dawa, tabibu mwema hupima shinikizo la macho yote mawili, hutazama mshipa ulio nyuma ya jicho, na panapowezekana hupima upana wa kuona. Naye huuliza. Asipouliza, sisi tuseme: mgonjwa ana pumu? Mapigo ya moyo ni ya polepole? Ana mimba au ananyonyesha? Anatumia dawa gani nyingine? Maswali haya ndiyo yaliyokosekana siku ile ya chupa ya jirani.

Tueleze pia kama tumewahi kununua matone ya kutuliza mwasho na wekundu. Baadhi yake yana steroidi, kama deksamethasoni, na yakitumika muda mrefu bila uangalizi huweza yenyewe kupandisha shinikizo la jicho.

Kisha tuzungumze kuhusu fedha bila kuona aibu. Matone haya ni ya maisha. Mgonjwa akinunua mwezi mmoja na kuruka miwili, jicho huendelea kuumia. Tumwombe tabibu aandike jina la dawa yenyewe, si la kampuni tu, ili tutafute ya bei nafuu. Tumwulize pia kuhusu miali ya leza. Utafiti uliofanywa katika hospitali ya KCMC, Moshi, na kuchapishwa mwaka 2021, ulilinganisha leza na matone ya timolol. Baada ya mwaka mmoja, tiba ilifaulu katika asilimia 61 ya macho yaliyopigwa leza na asilimia 31 ya yale ya matone. Leza haimfai kila mgonjwa, lakini kuuliza ni haki yetu.

Nyumbani na katika saumu

Tone moja latosha. Nawa mikono, inamisha kichwa nyuma, vuta ukope wa chini, tia tone, fumba jicho, kisha bonyeza kona iliyo karibu na pua kwa dakika mbili ili dawa isishuke kooni. Kama dawa ni mbili, ngoja angalau dakika tano baina yake. Latanoprost kwa kawaida hutiwa mara moja kwa siku, jioni. Nyumbani kwetu tumeifunga na sala ya Isha ili isisahaulike. Kwa joto la Pwani, soma maelezo ya kuihifadhi, na andika kwenye chupa tarehe uliyoifungua.

Katika mwezi wa Ramadhani wapo wanaoacha matone kwa kuhofia saumu. Katika madhehebu ya Imamu Shafi'i, yanayofuatwa na wengi wetu hapa Pwani, kinachotiwa jichoni, kama wanja, hakibatilishi saumu hata ladha yake ikihisiwa kooni. Mwenye shaka amwulize sheikh wake, na amwulize tabibu kama nyakati za dawa zaweza kupangwa usiku. Asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.

Na jicho likiuma ghafla kwa ukali, likawa jekundu, mtu akaona duara za rangi kuzunguka taa na kutapika, hilo si la kungoja kliniki. Ni la hospitali siku iyo hiyo.

Mama yetu mkubwa sasa anatumia dawa isiyodhuru kifua chake. Pembe za uoni wake hazikurudi, na beseni tumeliondoa mlangoni. Lakini tabibu alitwambia jambo jingine: maradhi haya hutembea katika ukoo, na ndugu wa damu, hasa waliotimiza miaka 40, wapimwe hata kama wanaona vizuri. Tulikwenda, watoto wake na watoto wa dada zake. Mmoja wetu alikutwa na dalili, naye hakuwa amehisi lolote. Yeye ameanza tiba mapema, jicho lake likiwa bado zima.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie kuwatazama wazee wetu kabla hawajaacha kutuona. Amin.